Pasta, mwanangu ana pepo la pombe?



Jumatatu usiku, saa tano kasoro, mama mmoja alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Si mshirika wetu, lakini hufuatilia ibada zetu kwa simu. Alikuwa akinong'ona, nadhani hakutaka watu wa nyumba wamsikie. Mwanawe ana miaka 31. Amemtoa kwa polisi mara mbili, amemlipia madeni ya baa hata hakumbuki ni mara ngapi, na amempeleka kwa wachungaji watatu. Mmoja wao alimwambia apande mbegu ya shilingi 10,000 ndipo pepo litoke. Akaenda kukopa kwa chama, akapanda. Kijana alikaa siku kumi na moja bila kunywa. Siku ya kumi na mbili akaletwa nyumbani kwa mkokoteni. Swali la mama lilikuwa fupi: "Pasta, mwanangu ana pepo la pombe, ama ni mimi sijaomba vya kutosha?"

Nilimpigia usiku huo huo. Lakini nimemwomba ruhusa niwajibu na nyinyi hapa, kwa sababu najua swali hilo liko katika nyumba nyingi za watu wanaosoma ukurasa huu, na wengi wenu hamjathubutu kulisema hata kwa kunong'ona.

Kuhusu ile mbegu sitasema mengi. Someni Matendo 8, muone Petro alimwambia nini Simoni wa Samaria alipotoa pesa akidhani karama ya Mungu inauzwa.

Kabla sijamjibu mama, niwaambie kosa langu mwenyewe. Wazee wa kanisa wanalijua, na ndugu niliyemkosea ameniruhusu kulisimulia bila jina lake.

Miaka sita iliyopita fundi wa mabomba alikuja madhabahuni Jumapili, akilia. Alikuwa amekunywa chang'aa kila siku kwa karibu miaka tisa. Si jioni tu. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kunywa ile wanayoita ya "kutoa loki", kwa sababu bila hiyo mikono yake haikuweza kushika hata spana. Alimpokea Yesu siku hiyo, na mpaka leo sina shaka alimpokea kweli. Tatizo si yeye. Tatizo ni tulichofanya sisi baadaye. Tulimweka katika chumba cha maombi nyuma ya kanisa, tukatangaza mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, na wazee wawili wakakaa naye kwa zamu.

Usiku wa pili alianza kutetemeka. Akatoa jasho mpaka shati likashikana na mgongo. Akasema anaona panya wakipanda ukutani, na panya hawakuwepo. Kisha akaanguka, macho yakageuka, povu likamtoka. Na sisi, wapendwa, tulifurahi. Nasema ukweli mbele za Mungu. Tulipaza sauti zaidi, tukapiga makofi, tukamwambia pepo atoke kwa jina la Yesu, tukiamini tunaona ushindi kwa macho. Dada mmoja ambaye ni nesi alikuwa amekuja kesha. Alisikia kelele, akafungua mlango, akatusukuma kando, akamlaza ndugu yule kwa ubavu, akatuambia tutafute gari. Hakuomba ruhusa kwa mchungaji. Namshukuru Mungu kwamba hakuomba.

Daktari wa zamu hakunigombeza. Aliniuliza maswali mawili tu: alikunywa mara ya mwisho lini, na amekula lini. Nilipojibu alinyamaza kidogo, halafu akanieleza jambo ambalo kila mchungaji wa nchi hii angepaswa kulijua kabla ya kumgusa mlevi.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujitetea kwa kuongeza kasi, kama dereva wa matatu anayekanyaga mafuta huku breki zimeshikwa. Gari linaenda polepole, unadhani mambo ni sawa. Sasa toa ile breki ghafla. Ndiyo sababu mikono huanza kutetemeka saa chache tu baada ya pombe kukatika. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo kunaweza kufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Si kila mlevi hupatwa na hayo, lakini anayepatwa anaweza kufa. Hospitalini kuna dawa za kumshusha polepole, na humpa vitamini B1, kwa sababu miaka ya pombe huimaliza mwilini, na mtu aliyeishiwa hiyo vitamini anaweza kupoteza kumbukumbu asirudi tena alivyokuwa. Na mtu huyo ndiye sisi tulimnyima hata maji.

Kwa hiyo ukisikia leo nikisema kanisani kwamba mtu anayekunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake, na asifungishwe, usidhani imani yangu imepoa. Nilikaa kwenye benchi ya hospitali mpaka asubuhi nikisoma 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa amechoka mpaka akaomba kufa. Malaika alipokuja hakumhubiria wala hakumwita kwenye mfungo. Alimwachia mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mungu alisema naye baadaye, mlimani, akiwa ameshakula na kulala. Nilikuwa nimehubiri sura hiyo mara nyingi na sikuwahi kuuona ule mkate.

Sasa turudi kwa mama. Je, ni pepo?

Naamini mapepo yapo. Nimeona watu wakifunguliwa mbele yangu, na sitakana nilichoona ili nionekane msomi. Lakini Mama, mtu kutetemeka si ushahidi wa pepo, na mtu kurudia pombe si ushahidi kwamba maombi yako yalikuwa mafupi. Sisi Wapentekoste tumependa majibu mawili tu. La kwanza, ana pepo, litolewe leo usiku. La pili, hana pepo, basi ni mkaidi tu, atubu aache. Majibu yote mawili yanatupa nafasi ya kwenda nyumbani mapema. Lile la kwanza linaisha kwa kesha moja, la pili linaisha kwa kumlaumu.

Neno la Mungu linaenda ndani zaidi ya hapo. Soma Mithali 23 kuanzia mstari wa 29 mpaka mwisho. Anayeelezwa pale ana majeraha yasiyo na sababu, macho mekundu, anaona mambo ya ajabu, anayumba kama mtu aliyelala juu ya mlingoti wa merikebu. Amepigwa na hakusikia uchungu. Na jambo la mwisho analosema, akiwa bado hajaamka vizuri, ni kwamba akiamka ataitafuta tena. Mstari huo ulinipiga. Mtu amejua imemuumiza, na mpango wake wa kesho ni ile ile. Huyo hatafuti raha tena. Raha iliisha zamani. Huyo ni mtumwa anayesikia bwana wake akiita.

Mtu akisema "wanapenda tu starehe", mkumbushe Mei 2014. Watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu na Makueni, kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka macho. Februari 2024 msiba kama huo ukarudi kule Kirinyaga. Kila mnywaji wa Kenya anajua kikombe kinaweza kumpofusha. Starehe gani hiyo ambayo mtu anainywa akijua?

Hapo ndipo ninaona mambo ya rohoni, hata pasipo pepo kupiga kelele. Uraibu ni ibada. Una maombi yake ya alfajiri, ile ya kutoa loki. Una sadaka, tena haikubali sarafu, inataka karo ya mtoto na kodi ya nyumba. Una mafungo yake, kwa maana mlevi hali chakula. Una ushirika, na niseme kwa huzuni kwamba ushirika wa kilabuni mara nyingi ni mwaminifu kuliko wa kwetu. Fundi alinieleza kwamba akikosa siku mbili kule, mtu alienda kugonga mlango wake kuuliza kama ni mgonjwa. Aliokoka, akakosa Jumapili tatu, hakuna aliyegonga. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hata vitu vilivyo halali hatakubali vimtawale. Hakuuliza tu kama kitu ni kibaya. Aliuliza ni nani bwana.

Na tusidhani ibada hii ina harufu ya chang'aa peke yake. Kuna kijana wa kwaya alikaa ofisini kwangu mwaka jana, nguo safi, hajawahi kuonja pombe, na karo ya muhula mzima ilikuwa imeingia kwenye Aviator. Mnaujua huo mchezo, ile ndege ndogo inapanda kwenye skrini, pesa zinaongezeka, na wewe unatakiwa utoe kabla haijaruka ikatoweka. Anacheza kitandani usiku. Anatuma kwa M-Pesa, ikiisha anachukua Fuliza. Mama yake analala chumba cha pili akimshukuru Mungu kwamba mwanawe si mlevi. Yule anatetemeka pia, ila ni moyo unaotetemeka.

Kuna anayeuliza, Pasta, ukisema ni ugonjwa si umewapa kisingizio? Hapana. Naamani hakujipa ukoma, lakini kushuka Yordani ilikuwa kazi yake, mara saba, na Maandiko hayatuambii kwamba aliona dalili yoyote mara ya sita. Na angekuwa anadanganya kuhusu hesabu, angebaki na ukoma wake. Mraibu ana kazi ya kufanya, na kutubu ni sehemu ya kazi hiyo, kwa sababu kuna watu ameumiza. Ninachokataa ni sisi kusimama ukingoni tukimcheka kwamba amezama mara ya tatu na bado ana madoa.

Wana wa Israeli walitoka Misri usiku mmoja. Usiku mmoja tu, na bahari ikafungwa nyuma yao. Lakini fungua Hesabu 11. Wako jangwani, wamelishwa mana kutoka mbinguni, na wanakaa mlangoni pa hema zao wakilia. Wanakumbuka nini? Samaki. Matango, matikiti, vitunguu. Hakuna hata mmoja anayekumbuka mjeledi, au watoto waliotupwa mtoni. Hivyo ndivyo kiu ya mraibu inavyofanya kazi, na mtu akinieleza kwa lugha ya kisasa kuhusu dopamini na ubongo unaotunza kumbukumbu ya raha, nasema amina, Musa aliliandika. Fundi anaweza kupita mahali alipokuwa akinywa, kwa harufu tu, na siku nzima ikaharibika. Hajarudi nyuma. Ni vitunguu vya Misri.

Kutoka ni usiku mmoja, wapendwa. Kujifunza kuishi bila Misri kunachukua miaka, na watu hao walikuwa na wingu mchana na moto usiku. Kwa nini tunamtaka kijana wa chang'aa amalize kwa Jumapili moja?

Hili linanileta kwa dhambi yangu ya pili na yule fundi. Alitoka hospitali baada ya siku nane. Jumapili iliyofuata nikampa maikrofoni. Alishuhudia, kanisa likasimama, tukaimba, mtu akarekodi kwa simu, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na video ya mlevi aliyefunguliwa. Wiki saba baadaye alikunywa. Kikombe kimoja, alipolipwa kazi ya mjengo. Unajua kwa nini kikombe kimoja kiligeuka miezi minne? Si kiu peke yake, ni aibu. Hakuweza kurudi kwa watu waliomshangilia. Ningemwacha akae kimya benchi ya nyuma, angekuja kwangu Jumatatu aseme, Pasta, nimeteleza. Mimi ndiye niliyemjengea jukwaa refu la kuangukia.

Usimpe mtu maikrofoni kabla hajapata mtu wa kumpigia simu saa nane usiku. Nimeweka hiyo iwe kanuni kwetu.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron kule Ohio, Marekani, dalali wa hisa aliyeitwa Bill Wilson alikuwa na miezi michache tu bila pombe, na siku moja akasikia kiu imemkaba. Hakutafuta mhubiri mkubwa. Alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa wamepita katika kundi la Kikristo lililofundisha watu kuungamiana dhambi, ile ya Yakobo 5. Smith alikunywa tena mara moja baada ya kukutana kwao, kisha akasimama. Kutoka kwa mazungumzo yao vikazaliwa vikundi vya AA, ambavyo viko hata hapa Kenya. Huwa nawaza, watu wawili wenye kiu waliketi wakaambiana ukweli, jambo ambalo Yakobo aliliandikia kanisa, na dunia ikajifunza kutoka kwao badala ya kutoka kwetu.

Mkumbuke pia ndugu zetu wa unga, hasa kule Pwani. Arosto yao ina mateso ya kutisha. Hatari kubwa zaidi huwa mtu akikaa bila unga kwa muda, mwili ukasahau, halafu akarudia kipimo chake cha zamani. Wengi hufa hivyo, wakitoka kifungoni au hata kwenye maombi. Tangu mwisho wa 2014 methadoni imekuwa ikitolewa hapa nchini, ilianza Mathari, Nairobi, ikafika Malindi na Mombasa. Na nimesikia waumini wakisema anayekunywa methadoni hajaokoka vizuri. Anayesema hivyo ana vidonge vya presha mkobani.

Yesu alipomfufua Lazaro aliita kwa sauti kuu, na maiti akatoka. Sehemu hiyo hakuna mtu aliyesaidia. Lakini Yohana 11 inasema alitoka akiwa amefungwa sanda mikono na miguu, na uso umefunikwa. Alikuwa hai kabisa, na hakuweza kutembea vizuri. Yesu hakuzigusa zile sanda. Aliwaambia waliosimama pale wamfungue. Na dakika chache kabla Martha alikuwa amezungumza habari ya harufu. Kazi ya kumwita atoke kaburini ni ya Bwana. Sanda ni zamu yetu, na sanda ya siku nne inanuka, inashikana na ngozi, haitoki kwa kuvutwa mara moja.

Kwa hiyo Mama, nikujibu hapa kama nilivyokujibu kwa simu. Hujakosa kuomba. Usilipe deni la baa tena, hata wakija mlangoni, maana deni hilo ni lake, na kila unapolilipa unamnunulia jioni nyingine. Lakini usimfungie jikoni. Ugali wake uwekwe mezani kama wa wengine. Akiwa na akili timamu, asubuhi, si usiku akiwa amelewa, mwambie unampenda na kwamba umechoka, yote mawili kwa sentensi moja. Akikubali kuacha, mpeleke hospitali kwanza, uwaeleze ukweli kuhusu anakunywa kiasi gani. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, ni laini ya NACADA, haina malipo. Halafu tuombe. Tutaomba huku amelazwa, tutaomba akitoka, tutaomba akiteleza.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na chupa chini ya kiti cha gari, au umefungua ukurasa huu baada ya kupoteza pesa usiku huu, sijakuandikia mama huyu peke yake. Huhitaji kuacha kwanza ndipo uje. Njoo nayo.

Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, chumba cha watoto wa Jumapili huwa wazi. Ni viti vya plastiki, chai ya maziwa na mkate, na watu saba au wanane wanaoambiana ukweli. Sihubiri. Huwa naketi na kusikiliza kama wengine. Anayefungua mlango ni fundi, kwa sababu alitutengenezea bomba la jikoni na ufunguo ukabaki kwake. Alhamisi iliyopita alitimiza mwaka mmoja na miezi miwili, baada ya kuteleza mara tatu. Hatujatangaza Jumapili, yeye mwenyewe alikataa.

Tafadhali ukija, acha kurekodi kwa simu. Na mtu aje na sukari, imeisha.

Mchungaji wenu.